Sayansi Katika Doa la Mchuzi

Ni nadra kumpata mama wa Likoni, Kisauni au Changamwe asiyelijua jambo hili. Kanzu nyeupe hudondokewa na mchuzi wenye manjano. Ukilipaka sabuni, doa hugeuka jekundu. Ukilikamulia ndimu, hurudi rangi yake. Twafua, twaanika, twasahau. Kumbe tumekwisha kufanya jaribio la kemia: sabuni ni besi, ndimu ni asidi, na manjano ni kiashiria kinachotambulisha ipi ni ipi.

Jioni hiyo hiyo mwanetu yuko barazani, akikariri maana ya kiashiria kwa ajili ya mtihani. Hajui kwamba kimo jikoni mwao.

Hatuwalaumu walimu. Wao hupimwa kwa matokeo, na sisi wazazi ndio wa mwanzo kuuliza alama. Mtaala ulioanza mwaka 2017 ulikusudia mtoto ajifunze kwa kutenda, na KCPE ikafanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mwaka 2025 wanafunzi wa Gredi ya 9 wakafanya KJSEA ya kwanza, na hofu yetu ya zamani ikapata jina jipya.

Lakini mtihani nao hauridhiki na kukariri. Katika KCSE, karatasi ya tatu ya Kemia ni ya vitendo: mtahiniwa hupima, huchanganya, kisha huandika alichokiona. Anayevishika vifaa kwa mara ya kwanza siku hiyo haokolewi na daftari lililojaa. Vilevile, aliyejaribu mengi bila kujifunza kuyaeleza kwa maandishi hupoteza alama anazostahili. Mkono na kalamu vyahitajiana.

Wazee wetu katika elimu walilijua hili. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa karne ya 10, hakutosheka na yaliyoandikwa kuhusu mwanga. Aliyajaribu, kisha akayaandika.

Basi juma hili tumpe mtoto kitambaa chenye doa, sabuni na ndimu. Kwanza aseme anachodhani kitatokea. Atazame. Kisha aandike sentensi tatu: nilichofanya, nilichokiona, na sababu yake. Baada ya hapo ndipo afungue maswali ya mtihani. Nasi tukikutana na mwalimu, kabla ya kuuliza, "Amepata ngapi?" tuulize, "Amejaribu nini?"

Mola awaruzuku watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.