Vumbi Linaloua Injini

Mkulima mwenye gari la kupeleka maziwa, je, injini yako imepungua nguvu na inakula oili? Kabla hujampa fundi fedha aifungue, izime, ngoja ipoe, kisha utazame mpira unaopitisha hewa kutoka kwenye chujio hadi kwenye injini.

Legeza klampu kwa bisibisi, uutoe mpira, upitishe kidole ndani yake. Kikitoka safi, tafuta kosa mahali pengine. Kikitoka na vumbi, basi hewa inaingia bila kuchujwa. Vumbi hilo ni kama msasa: husaga ringi na silinda, na hapo gharama yake utaijutia. Ukunje mpira huku na huku, hasa kwenye mikunjo yake na pale klampu inapobana, maana ufa hupenda kujificha huko.

Klampu iliyolegea yataka kukazwa tu. Mpira wenye ufa haufai tena, nunua mwingine. Utepe wa kubandika, ambao wengi wetu huukimbilia, hubanduka kwa joto na mafuta. Chujio lililochanika nalo litupwe. Kabla ya kurudisha mpira, upanguse ndani kwa kitambaa safi.