Je, Wajua? Daftari Lililotoboka kwa Makosa

Je, wajua kwamba Benjamin Franklin, yule mpiga chapa wa Philadelphia aliyekuja kuwa balozi wa Marekani nchini Ufaransa, aliyahesabu makosa yake kwa nukta nyeusi? Yapata mwaka 1733 alipiga mistari katika kijidaftari, siku saba za juma upande mmoja na fadhila 13 upande wa pili, akawa kila jioni, akiisha kuihoji nafsi yake, hutia nukta palipokuwa na kosa.

Kila juma alilinda fadhila moja kuliko nyingine. Duru moja ilitimia kwa majuma 13, na mwaka ukachukua duru nne.

Nukta kuukuu alizikwangua ili mpya zipate nafasi, hata karatasi, maskini, ikatoboka matundu. Ndipo alipohamia kurasa za pembe ya ndovu, zenye mistari ya wino mwekundu usiofutika, akawa huandika makosa kwa kalamu ya risasi na kuyafuta kwa sifongo bichi.

Awali fadhila zilikuwa 12. Unyenyekevu uliongezwa baada ya rafiki yake, Mquaker, kumwambia kwa hisani kwamba watu walimwona ana takaburi. Naye, badala ya kughadhibika, akajiharimishia maneno kama “hakika” na “bila shaka”, akashika “nadhani”.

Iliyomtaabisha zaidi ni fadhila ya utaratibu, na tumwie radhi, kwani mwenye duka hupokea wateja kwa saa wazitakazo wao.