Fulana Zinazochuja: Tulinde Mtaji wa Vikundi

Vikundi vya vijana na akina mama maparokiani hujipatia kipato kwa kuchapa fulana za kwaya na jubilei. Hasara huja pale maandishi meupe kwenye fulana nyekundu yanapogeuka ya waridi. Mara nyingi wino hauna kosa. Fulana iliyotiwa rangi baada ya kushonwa huweza kubaki na rangi isiyoshika kwenye nyuzi, nayo hupenya kwenye chapa.

Tunashauri yafuatayo:

1. Sugua fulana kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikipata rangi, fueni fulana zote kwa maji ya moto na sabuni, suuzeni hadi maji yawe safi, kisha anikeni zikauke kabisa.

2. Choma uzi mmoja. Pamba huacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Joto kali hugeuza rangi ya poliesta kuwa mvuke unaopanda kwenye wino, hivyo tumieni wino unaokomaa kwa joto dogo.

3. Chapeni fulana moja, ifueni, ngojeni siku mbili, ndipo muendelee.

Kamati zinazoagiza ziruhusu siku hizo. Fulana moja ya majaribio ni nafuu kuliko mzigo mzima kurudishwa, na mtaji wa kikundi ni sadaka ya wengi.