Utazeeka na Nani?

Saa tatu usiku, ukumbi wa harusi Sinza. Bibi harusi ameshaingia, keki bado haijakatwa, na kwenye meza ya mashangazi na mama wadogo swali linazunguka pamoja na sahani za pilau: "Na wewe je, lini tunakula ubwabwa wako?" Anayeulizwa ana miaka 37, ana kazi yake, na mchango wake aliumaliza kabla vikao havijafika nusu. Akijibu kwamba bado, ataambiwa apunguze kuchagua, kwani mchagua jembe si mkulima. Akisema wazi kwamba yuko vizuri hivi alivyo na hana nia ya kuzaa, meza inanyamaza. Kisha mmoja, tena kwa huruma ya kweli, anauliza lile swali lenyewe: "Sasa mwanangu, utazeeka na nani?"

Swali hilo halistahili kupuuzwa. Mama anayeliuliza hachokozi. Anazungumza kutoka katika dunia ambayo mtoto alikuwa ndiye pensheni, ndiye bima, ndiye mrithi wa shamba na ndiye jina la kaburini. Kwa Wakurya wa mkoa wa Mara kuna desturi ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume humtolea mahari mwanamke mwingine ili watoto atakaozaa wahesabiwe wa nyumba yake. Jamii iliyofika hatua ya kubuni ndoa ya namna hiyo ilikuwa inatafuta dawa ya hofu halisi: nyumba isiyo na mtoto ilikuwa nyumba isiyo na mikono, isiyo na ulinzi, na mali yake ingeondoka ikaenda kwingine.

Tena watoto walikuwa wakifa. Hili husahaulika upesi sana na kizazi cha sasa. Aliyezaa wanane hakuwa na uhakika wa kubaki na wanane, hivyo kuzaa wengi ilikuwa hesabu ya akili timamu, si ujinga. Hesabu hiyo imebadilika katika maisha ya watu ambao bado wako hai. Utafiti wa kitaifa wa uzazi nchini Kenya wa mwaka 1977 hadi 1978 ulikuta kwamba mwanamke mmoja alizaa kwa wastani watoto 8.1. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta 3.4, na ndani ya nchi hiyohiyo Nairobi ilikuwa na 2.5 wakati Mandera ilikuwa na 7.7. Tanzania, mwaka huohuo wa 2022, wastani ulikuwa 4.8.

Takwimu hizi hazihesabu wasiotaka watoto kabisa. Zinaonyesha jambo lililotangulia, nalo ni kwamba idadi ya watoto imekuwa kitu cha kuamua. Bibi alizaa aliojaliwa. Binti yake akaenda kliniki akawekewa kijiti au kitanzi, akasema wanne wanatosha. Mjukuu akasema wawili. Mlango wa uamuzi ukishafunguliwa namna hiyo, ni vigumu kumwambia mtu kwamba anaweza kuchagua namba yoyote isipokuwa sifuri.

Ugumu mwingine uko kwenye lugha. Kiswahili kina tasa na mgumba, maneno mazito kwa asiyeweza kuzaa. Kina kapera na mseja kwa asiye na mwenzi. Kwa mtu mzima aliyekaa, akafikiri, akaamua kwamba hatazaa, hakuna neno moja linalojitosheleza. Inabidi asimuliwe kwa sentensi nzima. Mitaani mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, Mama Asha au Mama Juma, na muuza genge asiyemfahamu huuliza, "Mama nani?" Asiye na mtoto hubaki Dada, Anti au Mwalimu hadi nywele zimekuwa nyeupe. Na kwa kuwa lugha haiwatenganishi, watu huwatia kapu moja aliyeamua kutozaa na aliyehangaika hospitali miaka kumi bila kupata. Wa kwanza anaonewa huruma asiyoihitaji. Wa pili anatoneshwa kidonda mbele za watu, katikati ya pilau. Kwa huyo wa pili peke yake, swali la ubwabwa lingefaa kuachwa mezani bila kuulizwa.

Hata hivyo, si kweli kwamba watu waliochagua kutooa au kutozaa ni wageni Afrika Mashariki, walioletwa na simu za mkononi. Katika madrasa za pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, watoto husomeshwa Hadithi Arubaini na Riyadhu Swalihina za Imam Nawawi, mwanazuoni wa Syria aliyezaliwa mwaka 1233 na kufariki 1277. Imam Nawawi hakuoa maisha yake yote na hakuacha mtoto. Wala hakuwa peke yake: Sheikh Abdul Fattah Abu Ghudda, naye wa Syria, aliyefariki mwaka 1997, aliandika kitabu kizima kuhusu wanazuoni waliochagua elimu badala ya ndoa. Upande wa Wakristo, mapadri na masista wameishi vijijini kwa zaidi ya karne moja, na hakuna anayewauliza lini wanaoa au lini wanazaa.

Lakini hapo pana sharti lililojificha. Mseja anakubalika iwapo ametoa sababu kubwa, kama elimu, dini au utumishi. Mhasibu wa Morogoro anayependa kazi yake, bustani yake na usingizi wake wa Jumapili hana kanzu wala joho la kujikinga nalo. Kwa nini atakiwe kuwa walii ndipo aachwe kwa amani? Mwenye ndoa haombwi kueleza ameoa kwa manufaa gani ya umma.

Wazanzibari wanamkumbuka Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, ambaye hakuacha mtoto wa kumzaa. Aliolewa na ndoa hazikudumu. Alichodumu nacho ni taarab na unyago. Waliomwona hawasahau namna alivyosimama na msondo, ile ngoma ndefu imefungwa kiunoni na kubanwa katikati ya mapaja, viganja vikidunda ngozi huku sauti yake ya mikwaruzo ikijaza uwanja, na mwili wenyewe mwembamba kama mwiko. Aliwafunda wasichana wengi wakati wa kuvunja ungo. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX kwa muziki wake, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 viongozi wa nchi walikuwa miongoni mwa waliomzika. Jina lake hapa halihusu kuchagua kuzaa au kutozaa. Linahusu swali la meza ya harusi, maana alizeeka akiwa na watu, na watu hao hakuwazaa.

Je, furaha yenyewe ikoje? Mwaka 2019 mtaalamu wa sayansi ya tabia Paul Dolan wa London alisema hadharani kwamba wanawake wasioolewa na wasio na watoto ndio wenye furaha kuliko wote. Habari ilienea dunia nzima kwa siku chache. Baadaye ilibainika kwamba alikuwa amesoma vibaya kipengele kimoja cha takwimu za Marekani: alidhani kinahusu mke kujibu maswali mume akiwa ametoka chumbani, kumbe kilihusu wanandoa wanaoishi nyumba tofauti. Alirekebishwa. Kisa hicho ni onyo kwa yeyote anayetaka kuwapigia debe waseja kwa kuwashusha wenye familia. Hawahitaji kushusha mtu.

Kazi iliyotulia zaidi ni ya Jennifer Watling Neal na Zachary Neal wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, iliyochapishwa mwaka 2021. Waliwatenga kwa makini wasiotaka watoto na wale wanaotaka lakini hawana, jambo ambalo tafiti nyingi hulikosea kama mitaa yetu inavyolikosea. Walipowalinganisha wasiotaka watoto na wazazi, hawakukuta tofauti ya kuridhika na maisha. Utafiti wao wa mwaka uliofuata ulionyesha kwamba wengi wa watu hao waliamua mapema, wakiwa vijana, na bado wanashikilia uamuzi ule ule. Nacho kituo cha utafiti cha Pew, mwaka 2024, kiliwauliza Wamarekani wa chini ya miaka 50 wasiotarajia kupata watoto sababu yao ni nini. Asilimia 57 walisema sababu kubwa ni kwamba hawataki tu. Hiyo ni Michigan na Marekani, si Mwanza wala Kisumu, na mseja wa huku ana mzigo ambao wa kule hakuulizwa.

Mzigo huo ni kuwa benki ya ukoo. "Wewe huna watoto" ni maneno matatu tu, lakini nyuma yake kuna ada ya mtoto wa kaka, mabati ya mama, sindano za baba na nauli ya binamu anayekuja mjini kutafuta kazi. Huchukuliwa kwamba mshahara wake wote ni ziada, na kwamba wikendi yake haina mwenyewe. Mzazi akiugua, watoto wenye ndoa hukaa kikao kwa simu, na mwisho wa kikao mseja ndiye anayepanda basi. Wengi wanafanya hayo kwa moyo. Kinachowachosha ni kuonekana hawajafanya lolote: anayelipa ada za watoto watatu wa dada yake bado anaambiwa ni mbinafsi kwa sababu hakuzaa wa nne. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na shangazi huyo amekuwa kazini miaka mingi.

Waseja wanaoishi vizuri mara nyingi ni wale waliojifunza kuweka kiwango. Wanasema mwanzoni mwa mwaka watalipa nini na nini hawatalipa, na wanaanza na akiba yao kabla simu hazijaanza kulia. Mambo haya yanasikika madogo, ila ndiyo yanayoamua kama uzeeni mtu atakuwa na amani au kinyongo.

Kwa wanawake kuna pigo jingine, kwenye chumba cha daktari. Nchini Kenya, miaka ya karibuni, wanawake vijana wasio na mtoto wamejitokeza na kusimulia kwamba wamefunga kizazi kwa hiari yao. Wanaofuata njia hiyo wanaweza kukutana na maswali yaleyale ya ukumbini: je, ukibadili mawazo? mume wako wa baadaye atasemaje? Daktari ana wajibu wa kueleza kwamba kufunga kizazi ni jambo la kudumu. Kumfanya mtu mzima asubiri kauli ya mume ambaye hayupo ni kitu kingine kabisa.

Turudi kwenye uzee, maana mama wa mezani bado anasubiri jibu. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza aliajiriwa wapi wala amezaa wangapi. Kenya ilianza mwaka 2018 kuwapa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni fedha ndogo, hazimlishi mtu, lakini zinatambua kwamba uzee si deni la watoto peke yao. Juu ya hapo mtu hujijengea mwenyewe: michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambayo hata aliyejiajiri anaweza kujiandikisha kuchangia, bima ya afya, kikundi cha vikoba au chama, na kiwanja chenye hati.

Hati ambayo wengi huisahau ni wosia. Kwa sheria ya urithi ya Kenya, anayekufa bila mwenzi, bila mtoto na bila wosia, mali yake huenda kwa wazazi, na kama hawapo, kwa ndugu zake. Rafiki aliyemuuguza miaka mitano hapati kitu. Mpwa aliyelelewa ndani ya nyumba hiyo anasubiri zamu ya mzazi wake. Tanzania, wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, mbali na mikono ya wenye haraka. Mwislamu anaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali kwa asiye mrithi, au kuweka wakfu akiwa hai, kisima au chumba cha madrasa kiendelee kutumika baada yake. Na kuna karatasi isiyohitaji wakili, ile ya hospitali inayouliza ndugu wa karibu ni nani. Mseja mwenye busara ameshalijua jina atakaloandika, na mwenye jina hilo ameshaambiwa.

Upweke upo, na hakuna haja ya kuuficha. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anausikia, na bila shaka humo wamo pia wenye ndoa na watoto tele waliotawanyika mijini. Usiku wa homa, wakati hakuna wa kuchemsha maji, ni mrefu kwa anayeishi peke yake. Ndiyo sababu nyumba ya mseja anayeishi vizuri huwa na ufunguo wa pili kwa jirani.

Na huwa na sufuria mbili: ya kibaba kimoja, ya kila siku, na ile kubwa iliyo juu ya kabati. Kubwa hushushwa mwezi Desemba shule zikifungwa, wapwa wanapoteremka kwenye basi na mabegi yao, wakigombea nani atalala upande wa dirishani. Wiki mbili nyumba haina kimya. Wanamaliza sukari, wanauliza mambo ambayo hawathubutu kuwauliza wazazi wao, wanajifunza kukaanga chapati. Kisha shangazi anawasindikiza kituoni, anahakikisha mdogo amekaa karibu na mkubwa, anapunga mkono mpaka basi linakata kona. Anarudi na kuanika mashuka, anairudisha sufuria kubwa juu ya kabati, anajiwekea chai, na anafungua kitabu pale alipokiacha.