Kuku wa Kienyeji na Majira ya Mwaka

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wengi hudhani ya kuwa kuku wa kienyeji hana kazi. Asubuhi hufunguliwa mlango, mchana hujitafutia mwenyewe, jioni hurudi nyumbani. Basi mwenye kuku hungoja mayai na kitoweo tu. Kuku akifa husemwa, "Ni mdondo, ndiyo kawaida yao." Mimi nimezaliwa katika nyumba ya kuku wa namna hiyo mkoani Singida, na tangu nilipoingia shule hii nimejitahidi kulinganisha tunayofundishwa katika somo la Bayolojia na yale ninayoyaona uani kwetu kila likizo. Nimeona ya kuwa kuku hafi ovyo, wala hatagi ovyo. Kila majira yana adui wake na upungufu wake, na kazi ya kumkinga kuku sharti ifanywe kabla majira hayo hayajafika. Hilo ndilo ningependa kuwaeleza wanafunzi wenzangu, walimu wetu, na wazazi watakaosoma gazeti hili.

Jambo hili si dogo

Serikali iliondoa ada katika shule zake za sekondari, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, tangu mwaka 2016. Hata hivyo mwanafunzi wa bweni bado anahitaji godoro, tranka, sare, sabuni na nauli. Katika nyumba nyingi za vijijini vitu hivyo hutoka katika banda la kuku. Mwaka 2021, nilipomaliza darasa la saba, mama alikuwa na kuku 34, naye alikusudia kuuza 20 mwezi wa Desemba ili nipate vifaa vya shule. Mwezi wa Oktoba mdondo ukaingia kijijini. Kwa muda wa siku 9 walikufa kuku 31. Ilitupasa kumwuza mbuzi tuliyekuwa tukimkamua kwa ajili ya uji wa mtoto wetu wa mwisho. Basi nisemapo habari za kuku, sisemi habari za mchezo.

Kuku hula nini?

Kuku anayejitafutia hula anachokikuta, si anachokihitaji. Ukitaka kujua amekuta nini, siku anapochinjwa kuku wa mgeni tazama kile kifuko kilichoko chini ya shingo, ambamo chakula hukaa kabla ya kushuka kwenye firigisi. Mimi hufanya hivyo kila likizo, ingawa wadogo zangu hunicheka. Mwezi wa Juni nakuta mtama, uwele na pumba. Wadudu ni wachache, na majani mabichi hayapo kabisa. Mwezi wa Aprili nakuta wadudu, minyoo na majani, bali nafaka ni haba sana.

Tumefundishwa kuvigawa vyakula katika mafungu: vya kutia nguvu, kama nafaka, vya kujenga mwili, kama dagaa na wadudu, na vya kulinda mwili, kama mboga za majani. Wakati wa mvua kuku hupata kwa wingi vya kujenga na vya kulinda mwili, lakini hupungukiwa na vya kutia nguvu, kwa maana maghala ni matupu na hata watu hupima unga kwa uangalifu. Wakati wa ukame mambo hugeuka: nafaka zimedondoka kila mahali, lakini wadudu na majani vimekwisha. Kwa hiyo mtu awapaye kuku pumba tupu mwaka mzima huwasaidia nusu ya mwaka tu. Nusu ya pili huwaongezea kile walicho nacho tayari.

Kipimo chetu nyumbani ni konzi moja kwa kila kuku mkubwa, jioni. Twachagua jioni kwa sababu kuku huzoea kurudi mapema, nasi twapata nafasi ya kuwahesabu na kumtambua aliyezubaa.

Vitabu vya Ulaya husema kuku huacha kutaga wakati wa baridi kwa sababu siku huwa fupi, na wafugaji wa huko huwasha taa bandani. Sisi tuliomo karibu na Ikweta, siku ndefu na siku fupi za mwaka hupishana kwa muda wa nusu saa hivi tu. Basi kuku wako akiacha kutaga, naye haatamii wala halei vifaranga, usifikiri habari za taa. Tazama kwanza chakula, maji na afya yake.

Wakati wa mavuno: Mei na Juni

Huu ndio wakati wa shibe. Kuku hunenepa, hutaga na kuatamia, na baada ya siku 21 vifaranga huanguliwa. Kwa kuwa mambo ni mazuri, watu husahau kazi mbili zilizo kubwa.

Ya kwanza ni kuweka akiba. Mkoa wetu hulima alizeti kwa wingi, na mashudu yake hupatikana kwenye mashine za kukamulia mafuta. Mashudu ni chakula cha kujenga mwili, nayo ndiyo yatakayohitajiwa kiangazi. Mama hununua gunia moja, na pia hutenga madebe mawili ya mtama kwa ajili ya miezi ya mvua. Vyote huwekwa juu ya chanja, pasipo unyevu wala panya.

Ya pili ni kupunguza kuku. Jogoo mmoja hutosha matetea kumi. Majogoo wanaozidi hula bure na kupigana. Wauzwe sasa wakiwa wanene, maana bei ya kuku aliyekonda mwezi wa Novemba ni aibu tupu. Yafaa pia jogoo wa kuzalisha apatikane mbali na nyumbani, ili asipande dada zake na mabinti zake.

Wakati wa kipupwe: Julai na Agosti

Mji wa Singida uko juu kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa miezi hii hukata kama wembe. Kifaranga wa wiki ya kwanza ahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, naye hulipata chini ya mbawa za mamaye tu. Kwa hiyo mama na watoto wake hufunikwa kwa tenga, mahali palipokingwa upepo, wapewe chakula na maji humo humo. Tenga hilo huwakinga pia na mwewe na kicheche. Banda lizibwe upande unaotoka upepo, lakini tundu za juu ziachwe wazi. Kuku waliofungiwa katika hewa nzito hupata mafua upesi.

Lakini kazi kubwa ya Julai ni chanjo ya mdondo, nayo nitaieleza kwa urefu kidogo.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ni ugonjwa wa virusi. Jina lake la kitaalamu latokana na mji wa Newcastle nchini Uingereza, ulikoonekana mwaka 1926. Kuku hukoroma, huharisha kijani, hulegea mbawa, na wengine hupinda shingo. Ukishaingia hauna dawa. Nimeona watu wakiwanywesha kuku pilipili, mwarobaini na vidonge vya binadamu, na kuku wakafa vile vile. Bibi yangu husema mdondo huletwa na upepo wa kiangazi. Kwa habari ya wakati hakukosea, maana kwetu huzuka zaidi miezi ya ukame. Lakini mbebaji mkubwa ni kuku mgonjwa anayehamishwa, pamoja na tenga, viatu na mikono iliyomgusa.

Kinga yake ni chanjo. Iko chanjo ya matone inayotengenezwa hapa nchini, huko Kibaha, nayo hustahimili joto kuliko zile za zamani. Kila kuku, mkubwa kwa mdogo, hutiwa tone 1 katika jicho 1, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Sisi tumechagua Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Mtu asingoje kuona kuku akisinzia ndipo akimbilie chanjo, kwa kuwa mwili wahitaji muda wa wiki mbili hivi kujenga kinga. Tena, ijapokuwa chanjo hii hustahimili joto, isianikwe juani. Ibebwe mahali pa baridi na itumiwe upesi ikishachanganywa, kama maandishi yake yanavyoagiza.

Kichupa kimoja hutosha kuku wengi kuliko walioko katika nyumba moja. Kwa hiyo majirani zetu huchanga fedha, wakakubaliana siku, na kuku wote hushikwa asubuhi kabla hawajafunguliwa. Hili lina faida nyingine: ukichanja wako peke yako huku wa jirani wakiachwa, ugonjwa unaendelea kukaa mlangoni pako. Mwaka 2022 tulianza upya na kuku 3. Likizo ya mwisho niliwahesabu 26. Mdogo wangu wa kike yumo darasa la saba sasa, na tranka lake limo ndani ya hesabu hiyo.

Wakati wa kiangazi: Septemba hadi Novemba

Hapa adui ni watatu: joto, njaa ya vyakula vya kujenga mwili, na mdondo wenyewe.

Kuku hana jasho. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi, na kwa kuhema hivyo hupoteza maji mengi. Hupoteza pia kabonidayoksaidi kuliko kawaida, na hiyo ni moja ya sababu za ganda la yai kuwa jembamba. Kuku mkubwa hunywa kama robo lita kwa siku, na wakati wa joto huzidisha. Ijapokuwa maji yachotwa mbali, chombo kisikauke. Kiwekwe kivulini, kisafishwe kila asubuhi, na kiwe kizito ili kisipinduliwe. Maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa yafaa kuchanganywa na chakula, yapate kuimarisha maganda mapya.

Sasa fungueni lile gunia la mashudu. Asiye na mashudu atege mchwa. Twaa chungu kikuukuu, kijaze mabua na samadi kavu ya ng'ombe, nyunyiza maji, kisha kipindue juu ya ardhi yenye njia za mchwa na kukifunika kwa gunia bichi. Baada ya siku moja au mbili kifunue asubuhi mapema, ukung'ute mchwa mbele ya vifaranga. Hakuna chakula kinachowakuza upesi kwa gharama ndogo kama hicho.

Viroboto nao huzidi katika vumbi la miezi hii, wakang'ang'ania kichwani karibu na macho. Banda lifagiliwe, takataka zichomwe, na kuku wapewe shimo la majivu makavu wapate kujigaragaza.

Mwisho, jihadharini na mnada. Kuku aliyerudishwa mnadani bila kununuliwa, au aliyenunuliwa huko, akae mbali na wengine kwa muda wa wiki mbili. Aliyekufa azikwe shimo refu au achomwe. Asitupwe porini wala asiuzwe kwa haraka. Kumwuzia mwenzako kuku mgonjwa ni kumwuzia hasara ya kijiji kizima.

Wakati wa masika: Desemba hadi Aprili

Mvua za kwanza huleta kumbikumbi, na kuku hufurahi. Walakini unyevu huleta maradhi. Kuhara damu huwapata zaidi vifaranga wanaolala juu ya matandiko mabichi. Basi maranda au nyasi za bandani zibadilishwe kila zinapolowa, na sakafu iwe juu ya usawa wa ardhi. Mbu nao hueneza ndui ya kuku, ile inayotoa vipele usoni na kwenye upanga, madimbwi yafukiwe. Ndui ina chanjo yake, nayo huchomwa kwenye ngozi ya bawa.

Chakula kinachohitajiwa sasa ni cha kutia nguvu, ndiyo maana ya yale madebe mawili ya mtama. Lakini mtu asiwape kuku mahindi yaliyoota ukungu akidhani kwamba ni kuokoa mali. Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini la kuku na la binadamu vile vile. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Tena huu ni wakati wa kupanda, na kuku hufukua mbegu. Ugomvi mwingi wa majirani nilioushuhudia ulianza kwa kuku mmoja katika shamba la mtama. Wafungiwe uani mpaka miche ipate nguvu, wakatiwe mchicha na kupewa nafaka kidogo.

Neno la mwisho

Wanafunzi wenzangu, likizo zetu zimepangwa kana kwamba aliyezipanga alikuwa mfugaji. Likizo ya Juni, weka akiba na upange na majirani siku ya chanjo ya Julai. Likizo ya Septemba, shughulikia maji, mashudu na viroboto, ukumbushe chanjo ya Oktoba. Likizo ya Desemba, inua sakafu na kausha matandiko. Tukiwa shuleni kazi hiyo hubakia mikononi mwa mama zetu na wadogo zetu, wenye shughuli nyingine nyingi. Basi yafaa tuwaandikie tarehe za chanjo kwenye karatasi na kuibandika mlangoni, kama nilivyofanya kwetu.

Wazazi wetu, mwulizeni Bwana Mifugo wa kata yenu siku za chanjo wakati kuku wangali wazima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi ufa wetu twaujua, maana hurudi kila mwaka mwezi ule ule.