Kikomo si Mwisho: Ufundishaji wa Dhana za Awali za Kalkulasi kwa Wanafunzi wa Vyuo

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna dhana mbili za awali za kalkulasi, yaani kikomo na derivativi, zinavyoweza kufundishwa kwa Kiswahili kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Hoja ya msingi ni kwamba ugumu wa dhana hizi hautokani na ukokotozi pekee, bali pia na maana za kila siku za maneno ambazo mwanafunzi huingia nazo darasani.

1.0 Utangulizi

Nchini Tanzania, wanafunzi walio wengi husoma hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza. Chuoni, mhadhara na mtihani huwa kwa Kiingereza, ilhali majadiliano ya vikundi aghalabu hufanyika kwa Kiswahili. Kwa hiyo, hata pale ambapo Kiswahili si lugha rasmi ya kufundishia, ndicho hutumika kueleweshana. Swali linalozuka ni hili: je, maneno tunayoyatumia yanabeba dhana tunayoikusudia?

2.0 Dhana ya Kikomo

Tall na Vinner (1981) walitofautisha fasili ya dhana na taswira ya dhana. Fasili ni maelezo rasmi. Taswira ni jumla ya picha, mifano na sifa ambazo mwanafunzi huzihusisha na dhana hiyo akilini. Mwanafunzi anaweza kukariri fasili sahihi na bado akajibu swali kwa kuongozwa na taswira potofu.

Neno kikomo linatokana na kitenzi koma, chenye maana ya kuacha au kufika mwisho. Katika mazungumzo ya kawaida, kikomo ni mahali pasipovukwa. Vilevile, anayesema "nimekaribia kufika" anatujulisha kwamba bado hajafika. Basi sentensi "funksheni inakaribia kikomo chake" huweza kujenga taswira kwamba funksheni haikifikii kikomo wala haikivuki. Taswira zote mbili si sahihi. Funksheni f(x) = 3 ina kikomo 3, nayo ipo hapo daima. Funksheni sin x / x ina kikomo 0 kadiri x inavyoongezeka bila mwisho, lakini huivuka 0 tena na tena.

Suluhisho si kulitupa neno, bali kuiweka wazi tofauti ya maana zake. Mwalimu anaweza kuanza na f(x) = (x² − 4)/(x − 2). Wanafunzi wakokotoe thamani zake x ikiwa 1.9, 1.99, 2.01 na 2.1; watapata 3.9, 3.99, 4.01 na 4.1. Pale x = 2, funksheni haina thamani. Hapo mwalimu aulize: "Mnataka tofauti kati ya f(x) na 4 iwe ndogo kiasi gani?" Wakisema isizidi 0.01, inatosha x isiwe mbali na 2 kwa zaidi ya 0.01, bila kuwa 2 yenyewe. Wakitaja kiasi kingine chochote kilicho kikubwa kuliko 0, jibu lipo. Mashindano haya ya kudai na kujibu ndiyo kiini cha fasili rasmi inayohusishwa na Weierstrass katika karne ya 19.

3.0 Dhana ya Derivativi

Chukua nazi inayoanguka kutoka juu ya mnazi. Kwa kukadiria, umbali inaoanguka katika sekunde t ni mita 5t². Kasi yake ya wastani kati ya sekunde 1 na sekunde 1 + h ni (10h + 5h²)/h, yaani 10 + 5h. Pale h inapokuwa 0.1, 0.01 na 0.001, tunapata 10.5, 10.05 na 10.005. Kikomo ni mita 10 kwa sekunde, nayo ndiyo kasi ya nazi katika sekunde 1 kamili.

Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa h ni 0, tuligawanyaje kwa h? Na ikiwa si 0, kwa nini 5h imeachwa? Swali hili lisinyamazishwe. George Berkeley aliwakabili wafuasi wa Newton kwa hoja kama hiyo mwaka 1734, na jibu thabiti lilichelewa hadi Cauchy alipoifanya dhana ya kikomo kuwa msingi katika kazi yake ya mwaka 1821 na zilizofuata. Jibu ni kwamba h haifanywi kuwa 0 wakati wowote. Kinachotafutwa ni kikomo cha 10 + 5h. Asiyekielewa kikomo atabaki na kanuni ya kukariri tu.

4.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba istilahi inayoeleweka kwa urahisi inaweza pia kupotosha kwa urahisi. Inapendekezwa kwamba mwalimu aanze na majedwali ya namba, ajadili waziwazi maana ya kawaida ya kikomo na kukaribia, kisha ndipo atoe fasili rasmi. Waundaji wa istilahi nao wanapaswa kupima si usanifu wa neno pekee, bali pia taswira linayoijenga kwa mwanafunzi. Pendekezo hili limejengwa juu ya uchambuzi wa lugha na wa dhana. Hatua inayofuata ni kulijaribu darasani.