Leza ya kwanza: Nenda dukani na kipande chako cha plaiwudi

MASHINE ya kukata na kuchonga kwa mwanga wa leza si kitu cha kiwandani peke yake tena. Ya daraja la chini inaingia kwenye sanduku moja, inauzwa kwa dola mia chache za Marekani na inaendeshwa na kompyuta ya kawaida juu ya meza. Kwa mfanyabiashara wa mpakani aliyezoea kuuza vishikio vya funguo, vibao vya majina, ngao za mashindano na mikanda ya ngozi vilivyotengenezwa na watu wengine, kishawishi chake kinaeleweka: anunue yake, aiweke chumba cha nyuma, ajifunze jioni baada ya kufunga duka, na mkono ukizoea imwingizie chochote.

Tatizo linaanzia dukani. Sanduku limeandikwa wati 40 kwa herufi kubwa, lakini mashine iliyomo ndani inatoa mwanga usiozidi wati 5. Muuzaji hakusema uongo wa moja kwa moja. Hiyo 40 ni umeme unaoingia kwenye mashine, na 5 ndiyo nguvu ya mwanga unaotoka na kugusa mbao. Anayetaka kukata plaiwudi anahitaji namba ya pili tu, nayo mara nyingi imefichwa ndani ya kijitabu cha maelezo, au haikuandikwa kabisa.

Hata ikipatikana, namba hiyo siyo ya kuanza nayo. Wanunuzi wengi huuliza kwanza bei, kisha wati, kisha ukubwa wa meza. Swali linalopaswa kutangulia ni moja: mashine itakata nini? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua aina ya mwanga, na aina ya mwanga haibadilishwi baada ya kulipa.

Mwanga na kitu unachokikata

Mashine za bei ya chini kabisa hutumia leza ya dayodi. Mwanga wake ni wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi. Inachonga mbao, ngozi, kadibodi, kitambaa cha pamba na akriliki nyeusi, na inaondoa rangi kwenye chupa za chuma zilizopakwa. Yenye mwanga wa wati 10 inaweza kupasua plaiwudi ya milimita 3 kwa mpito mmoja ikienda taratibu. Lakini akriliki angavu, ile inayofanana na kioo na ambayo mafundi wa ngao huitumia sana, haikati. Mwanga wa buluu unapita ndani yake kama jua linavyopita dirishani, unaunguza meza iliyo chini, na akriliki inabaki nzima. Hakuna kuongeza wati kunakoweza kuliondoa hilo. Aliyenunua dayodi kwa ajili ya ngao za akriliki angavu amenunua mashine nzuri ya kazi nyingine.

Kazi hiyo inataka leza ya kaboni dayoksaidi. Mwanga wake hauonekani kwa macho, una urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, na hutengenezwa ndani ya bomba la kioo lililojazwa gesi. Unakata akriliki ya rangi yoyote na kuacha ukingo unaong'aa, unakata mbao kwa kasi kuliko dayodi, na unachonga hata glasi. Chuma kitupu hauugusi. Inayojulikana zaidi miongoni mwa wanaoanza ni ile ya Kichina inayoitwa K40, yenye eneo la kazi la takriban milimita 300 kwa 200, sawa na karatasi ya A4.

Anayetaka kuandika majina kwenye visu, spana au bangili za shaba anahitaji aina ya tatu, leza ya faiba ya nanomita 1,064. Bei yake kwa kawaida inapita dola 1,000, na mbao haiziwezi ipasavyo. Kwa mtu anayeanza kwa kujifurahisha, hiyo inaweza kusubiri, isipokuwa kama tayari ana wateja wa chuma.

Njia rahisi ya kumaliza ubishi ni mnunuzi kufika dukani, iwe Kariakoo, Luthuli au Kikuubo, na vitu vyake mkononi: kipande cha plaiwudi anayoinunua siku zote, kipande cha ngozi, kipande cha akriliki. Mashine iwashwe, ikate mbele yake. Video ya muuzaji mara nyingi inaonyesha mbao laini iliyochaguliwa, huku plaiwudi ya kwetu ikiwa na gundi iliyorundikana hapa na fundo pale, na gundi ya plaiwudi inayovumilia maji ni ngumu zaidi kwa mwanga kupenya. Asiyeruhusiwa kujaribu ana sababu ya kwenda duka la pili.

Saa za kazi

Jambo ambalo matangazo hayalisemi ni muda. Kukata ni haraka kwa sababu mwanga unafuata mstari tu. Kuchonga picha au maandishi yaliyojazwa ni kazi tofauti: mwanga unakwenda na kurudi, mstari baada ya mstari, kama mtu anayepiga deki kwa kitambaa chembamba.

Chukua kibao cha sentimita 10 kwa 10. Kikichongwa kwa mistari 10 kwa kila milimita, ni mistari 1,000, kila mmoja wa milimita 100. Jumla ni mita 100 za safari. Kichwa cha mashine kikienda milimita 100 kwa sekunde, kibao kimoja kinachukua sekunde 1,000, yaani karibu dakika 17, bila kuhesabu muda wa kugeuka. Oda ya vibao 50 vya shule ni saa 14 za mashine kuwaka, na umeme ukikatika dakika ya 15, kibao hicho kwa kawaida kimeharibika. Kwa kujifurahisha jioni, dakika 17 si kitu. Kwa aliyekwisha kupokea malipo ya awali ya mteja wa ng'ambo ya mpaka, ni hesabu ya kufanywa kabla ya kutaja siku ya kukabidhi mzigo.

Suala la umeme lina upande mwingine. Dayodi nyingi hutumia adapta ya volti 12 au 24, hivyo kinachoangaliwa ni adapta tu. Mashine ya kaboni huchomekwa moja kwa moja, na iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutaka volti 110, wakati soketi za ukanda huu zinatoa kati ya 220 na 240. Plagi nazo hazifanani: ya pini tatu za mraba ya Kenya, Tanzania na Uganda haiingii kwenye soketi za mviringo zinazotumika Burundi na Kongo.

Bomba la kioo la K40 linapozwa kwa maji yanayozungushwa na pampu, mara nyingi kutoka kwenye ndoo. Kadiri maji yanavyopata joto ndivyo mwanga unavyopungua na bomba linavyochakaa, na maji yakivuka nyuzi 25 hivi, ni busara kusimamisha kazi. Nairobi au Kigali hilo si tatizo kubwa. Mombasa na Dar es Salaam, ambako maji ya ndoo yenyewe huamka na nyuzi 27, mtu atahitaji chupa za barafu au kifaa cha kupoza kinachouzwa peke yake. Maji yawe yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kuvunwa mvuke, kama yale ya betri yasiyo na asidi, kwa kuwa maji ya bomba yenye chumvi huacha utando na kupitisha umeme, na bomba hilo linaendeshwa kwa maelfu ya volti. Fundi asiyejua umeme wa kiwango hicho asifungue kifuniko cha nyuma.

Bomba pia linaisha. Gesi hupungua taratibu hata mashine ikikaa bila kuwashwa, ndiyo maana mtumba wa leza ya kaboni uliokaa miaka mitatu stoo unaweza kuonekana mpya na usikate karatasi. Isitoshe ni kioo, na barabara ya vumbi ndani ya buti la basi hailijui hilo. Bomba likaguliwe kwa tochi kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya fedha kubadili mikono.

Programu ni neno fupi. Mashine zinazofuata mfumo wa GRBL zinaendeshwa na LaserGRBL, ambayo ni bure na inakaa kwenye Windows. K40 nyingi za asili huja na programu inayotaka kifaa kidogo cha USB kama ufunguo. Kikipotea, programu hiyo haifanyi kazi. Zipo pia mashine, Glowforge ya Marekani ikiwa mfano, zinazotegemea intaneti kwa kazi zake. Kwa anayeishi mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka, hiyo ni sababu tosha ya kuziacha.

Moshi na macho

Kila kinachokatwa na leza kinaungua, na kinachoungua kina moshi. Mashine bila feni na bomba la kutoa moshi nje ya nyumba haijakamilika, hata kama muuzaji anasema ni nyongeza. Chumba cha kulala watoto hakifai hata kidogo.

Hatari kubwa zaidi ni plastiki ya PVC. Ikiguswa na leza hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu huwa asidi. Inaunguza mapafu ya mtu na kula vyuma na lenzi za mashine. Ngozi nyingi za bandia za mikoba, viti na viatu ni PVC, na kwa macho hazitofautiani na zile zisizo na klorini. Kuna jaribio la zamani la maabara linaloweza kufanywa nje, kwenye hewa ya wazi: waya wa shaba unachomwa hadi uwe mwekundu, unaguswa kwenye plastiki, kisha unarudishwa motoni. Moto ukigeuka kijani, klorini imo. Plastiki hiyo isiwekwe kwenye mashine, hata kwa mteja anayelipa mara mbili.

Macho hayana vipuri. Mashine nyingi za dayodi ni fremu tupu isiyo na kifuniko, na miwani inayokuja bure sandukuni haiaminiki ikiwa haijaandikwa inazuia urefu gani wa wimbi na kwa kiwango gani. Miwani ya mwanga wa buluu na ile ya kaboni si kitu kimoja. Plastiki angavu inayozuia mwanga wa kaboni inapitisha buluu yote. Kwa nyumba yenye watoto, mashine yenye boksi lililofungwa, linalozima mwanga kifuniko kikiinuliwa, ina thamani ya fedha inayozidi. Na haiachwi ikifanya kazi peke yake hata kwa muda wa kwenda kuchukua chai: plaiwudi hushika moto. Kizima moto cha hewa ya ukaa kiwe karibu, kwa kuwa kile cha unga kitazima moto na kuiua mashine pamoja nao.

Inapofika forodhani

Mashine iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kununuliwa Nairobi. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachowasaidia wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Hakiihusu leza. Ahueni iko kwingine: katika Ushuru wa Pamoja wa Forodha, mashine za uzalishaji kwa kawaida ziko kwenye kundi la asilimia 0. Mashine za leza zina namba yake, kichwa cha 8456. Ankara iandikwe wazi kuwa ni mashine ya kukata na kuchonga kwa leza. Ikiandikwa "vifaa vya elektroniki", afisa ana haki ya kuitafutia kundi jingine, na makundi mengine yanapanda hadi asilimia 35. Kodi ya Ongezeko la Thamani ni hesabu tofauti, kiwango cha kawaida kikiwa asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, Uganda, Rwanda na Burundi.

Kinachotengenezwa na mashine hiyo kina hadhi nyingine. Kishikio cha funguo cha mbao iliyokuzwa hapa kinaweza kuombewa cheti cha uasili kikivuka mpaka. Mbao yenyewe ina masharti yake, na mpingo umo kwenye orodha ya mkataba wa CITES tangu 2017, hivyo mzigo wa vinyago vya mpingo uulizwe kabla ya kufungwa.

Wateja wa kwanza wa leza mara nyingi huleta kazi mbili za hatari: muhuri wa ofisi ambayo hawana barua yake, na nembo ya klabu ya mpira. Wa kwanza ni kosa la jinai katika kila nchi ya ukanda huu. Nembo ni mali ya mwenyewe, na mzigo unaweza kuzuiwa mpakani kwa malalamiko yake.

Kwa anayetaka kuichukua mashine yenyewe hadi nchi jirani, kwa mfano kwenye maonyesho yaliyokuwa yakiitwa Jua Kali na Nguvu Kazi, yanayozunguka katika nchi wanachama, itangazwe wakati wa kutoka kama mali inayorudi, ikiwa na risiti na namba yake ya kiwandani. Aliyepita nayo kimya akienda ndiye anayeombwa kuthibitisha akirudi kwamba hakuinunua ng'ambo.